Samaki wa baba walikufa, chanzo hakikuwa maji

Samaki wa kwanza alikufa Februari, wa pili wiki iliyofuata. Ilipofika katikati ya Machi, tangi la baba lililokuwa na samaki saba lilibaki na watatu. Maji yalipauka kama yaliyooshea mchele, mawe yakaota utando wa kahawia, na asubuhi samaki waliobaki walikuwa juu kabisa wakihema midomo wazi.

Hili ni tangi la maji ya bahari, lita 200, na liko sebuleni kwetu Mbezi Luis, mahali ambapo upepo wa bahari haufiki. Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini kwa miaka 31. Alipostaafu, kiwanja alichokimudu kilikuwa huku juu, na akasema kama hawezi kukaa karibu na bahari basi ataileta ndani. Mawe yake ni ya matumbawe makavu, yale ya kujengea. Hakuchukua kitu kwenye miamba iliyo hai, na mgeni akimshauri achukue huko Mbudya au Bongoyo humkumbusha kwamba visiwa hivyo vimehifadhiwa kisheria tangu 1975.

Maji huyafuata na mdogo wangu kila baada ya wiki mbili, madumu mawili ya lita 20, kwa kirikuu cha jirani kupitia barabara ya Goba. Masharti ni ya baba: yachotwe wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, na kamwe si baada ya mvua, kwa sababu Mto Mbezi na Mto Tegeta hushusha kila uchafu wa mjini. Njiani wanapita Tangi Bovu, na tangu samaki waanze kufa mdogo wangu hakuacha kulitania jina hilo. Baba hakucheka.

Kila mtu nyumbani alikuwa na mshitakiwa wake. Mama alisema ni dawa ya mbu ya kupuliza. Mdogo wangu alisema ni umeme. Jirani mmoja anayefuga samaki wa maji baridi alisema ni ugonjwa, tutie dawa yenye shaba, akatuletea na chupa.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na jambo moja nililolisikia kwa madaktari mara nyingi ni kwamba dawa haitangulii maelezo ya mgonjwa. Chupa ile niliiweka juu ya kabati. Shaba huua vimelea vya samaki kweli, lakini huua pia kaa na konokono, na sisi tulikuwa na kaa wadogo wanne, wale wanaojificha ndani ya magamba ya konokono.

Kaa hao ndio waliomjibu mama. Dawa nyingi za kupuliza mbu huua kaa na kamba upesi, hata kwa kiasi kidogo sana. Kama dawa ingeingia kwenye maji, kaa wangetangulia. Wote wanne walikuwa hai, tena wamenenepa. Unene ule ulikuwa unasema kitu.

Umeme nao ulikuwa na utetezi. Tangi hili lilivuka mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 bila kupoteza samaki hata mmoja, kwa sababu baba ana pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Mwaka huu umeme ulikatika mara chache, na betri ilikuwa nzima.

Tukapima chumvi. Wengi hukosea hapa: maji yakipungua kwa joto huongeza maji ya bahari, kumbe kinachopaa ni maji tu na chumvi hubaki. Cha kuongeza ni maji baridi yasiyo na chumvi. Yetu ni ya bomba, yaliyolazwa kwenye ndoo wazi ili klorini ipungue. Kipimo kilisoma 1.025, sawasawa kabisa. Joto lilikuwa nyuzi 30, la juu kidogo, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, lakini Februari ya Dar es Salaam ndiyo hivyo kila mwaka.

Kilichobaki ni amonia. Samaki huitoa kupitia mashavu yake, na chakula kilichooza huitoa pia. Baharini hupotea, kwenye tangi haina pa kwenda. Kinachookoa maisha ni bakteria wanaoishi kwenye mawe na chujio: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili zaidi. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita bakteria hao watoshe, na ndiyo maana wengi hupoteza samaki mwezi wa kwanza. La kwetu lina miaka sita. Amonia ilitakiwa isionekane kabisa. Nilidondosha matone ya kipimo, maji yakageuka kijani: miligramu 1 kwa lita. Kwenye maji ya bahari kiasi hicho ni kibaya kuliko kwenye maji baridi, kwa sababu hali yake ya ubesi, kama 8.2, huiacha sehemu kubwa zaidi ya amonia katika umbo lenye sumu.

Tulibadilisha maji lita 50. Jioni kipimo kilishuka. Asubuhi ya pili kilipanda tena. Tukarudia, ikarudi.

Hapo swali likabadilika. Bakteria walikuwepo, ila walizidiwa na kitu kilichoingia kila siku. Tuliinua mawe mawili ya nyuma na harufu ikajaa sebule. Chini yake kulikuwa na chakula cha samaki kilicholowa na kuoza, unene wa kidole. Kopo ambalo hutuchukua miezi miwili lilikuwa limenunuliwa siku tisa kabla na lilikuwa linaisha. Ndiyo maana kaa walikuwa wanene.

Anayelisha ni baba peke yake. Mara moja, saa moja asubuhi, kiasi cha kuliwa ndani ya dakika mbili. Sheria hiyo aliitunga yeye, na tulipokuwa wadogo kidogo tu ya kuikiuka ilikuletea kesi.

Jumamosi nilibaki nyumbani na kazi zangu mezani. Alilisha saa moja. Saa mbili kasoro akapita, akasimama, akasema, “Hawa hawajala tangu jana,” akalisha. Saa tatu vilevile. Mpaka adhuhuri alikuwa amelisha mara tano, na kila mara kwa uangalifu uleule, akikisugua chakula kati ya vidole ili kisianguke kwa vipande vikubwa.

Nilimfuata mama jikoni. Kabla sijamaliza akaweka mwiko chini. “Usimhesabie baba yako kama mtoto,” alisema. Kisha akakaa kwenye kigoda na kuniambia mengine: muuza maziwa aliyelipwa mara mbili mwezi ule, simu kwa shangazi iliyorudiwa jioni ileile, siku aliyoshuka kituo cha mbele na kurudi kwa bodaboda akidai alitaka kutembea. Mama alikuwa akiyafunika tangu Desemba. Kwake lilikuwa suala la heshima ya mume wake, na sikuona pa kubishana naye.

Nimeandika habari za dimensia mara kadhaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo, na zaidi ya asilimia 60 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi ulikuta karibu sita kati ya kila mia wakiwa na hali hiyo. Mitaani tunasema “ni uzee tu” na mambo yanaishia hapo. Lakini kusahau kuna sababu nyingi, na baadhi zinatibika: tezi ya thairoidi inayofanya kazi kidogo, upungufu wa vitamini B12, sonona, hata dawa fulani za kila siku. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa nalo huharibu mishipa midogo ya ubongo kimyakimya. Huwezi kujua ni lipi bila kupima, na mtu hapimwi kwa kuvutwa mkono.

Jumapili baada ya chai nilimwamkia baba, nikamwonyesha vichupa vya kipimo. Rangi anazielewa, yeye ndiye aliyenifundisha kuzisoma. “Amonia inarudi kila asubuhi, baba. Chakula kinaingia kuliko wanavyokula.”

Aliangalia kopo. Akaangalia kile kichupa cha kijani kwa muda mrefu.

“Nani anawalisha?”

Sikujibu, na mama akatazama dirishani. Baba hakurudia swali. Aliomba daftari na rula, akachora mistari kama ya karatasi zake za bandarini: tarehe, saa, alama. “Mzigo usioandikwa haujashuka,” alisema. Kila atakayelisha ataandika, hata yeye.

Jumatatu alilisha saa moja, akaweka alama. Saa tatu alichukua kopo, akafungua daftari, akakuta alama imeshawekwa. Mwandiko ulikuwa wake, ile tiki yenye mkia mrefu niliyoijua tangu kwenye ripoti zangu za shule. Alisimama pale, kopo mkononi. Mama anasema alirudi kulitazama daftari mara nne siku hiyo, na mara zote nne alifunga kopo bila kulisha. Jioni niliporudi kazini alikuwa kibarazani amevaa viatu.

“Hii si ya samaki,” aliniambia. “Kesho unipeleke.”

Hospitali walimpima damu, sukari, thairoidi, B12, wakampa maswali ya kumbukumbu na kumtaka achore saa ya ukutani. Shinikizo la damu lilikuwa juu sana, yawezekana kwa miaka. Mengine ya damu yalikuwa sawa. Daktari alisema usahaulifu umeanza, akampa dawa za shinikizo, na tunarudi kliniki kila baada ya miezi mitatu. Hakuahidi kwamba kitakachopotea kitarudi. Baba alimuuliza moja kwa moja, naye akamjibu moja kwa moja, na wote wawili niliwashukuru.

Tangi lilichukua wiki tano. Tulifyonza uchafu chini ya mawe, tukabadilisha lita 20 kila siku mbili mwanzoni, hatukutia dawa yoyote. Wiki ya pili samaki mmoja zaidi alikufa. Mwishoni mwa Aprili kipimo kilibaki njano kwa siku saba mfululizo, maana yake hakuna amonia. Waliobaki ni wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale watoto wanaowaita Nemo. Samaki hawa wote huanza wakiwa madume, kisha yule mkubwa hugeuka jike. Baba anamwonyesha mgeni yeyote yupi amegeuka. Wengine huwaonyesha mara mbili.

Daftari liko juu ya tangi. Safu ya kwanza ni ya samaki. Ya pili, ya vidonge vyake vya asubuhi, aliiongeza siku tuliyotoka hospitali. Juzi nimekuta ya tatu, imechorwa kwa rula, juu yake ameandika: maziwa.