Konokono wa pwani yetu, jina lake liko Piccadilly

Wazazi na wanafunzi mlioko London, Jumamosi moja shukeni kituo cha Green Park, mtembee kando ya barabara ya Piccadilly hadi Burlington House. Hapo ndipo ilipo Linnean Society, iliyoanzishwa mwaka 1788. Inatunza mkusanyiko wa Carl Linnaeus, Mswidi aliyewapa viumbe majina mawili mawili ya Kilatini.

Mwaka 1758 alimtaja konokono wa baharini aitwaye *Conus geographus*, mwenye mabaka yanayofanana na ramani. *Conus* ni jenasi, mfano wa jina la ukoo. Neno la pili linatambulisha spishi. Konokono huyu anaishi hata kwenye matumbawe ya Afrika Mashariki.

Gamba lake linapendeza, lakini mwenyewe ni mwindaji. Usiku hula samaki, na jino lake ni chusa dogo lenye uwazi ndani kama sindano. Mimi ni muuguzi, na insulini ninaishika karibu kila zamu. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba sumu ya konokono huyu nayo ina insulini, ambayo humshusha samaki sukari mpaka alegee. Ameshaua watu pia, na dawa ya kuizima sumu yake haipo. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua mpaka sumu imtoke mwilini.

Lakini katika sumu ya ndugu yake, *Conus magus*, ndimo ilimogunduliwa zikonotidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004.

Kutoka Green Park, vituo vitatu vya Piccadilly line vitawafikisha South Kensington, kwenye Natural History Museum. Kuingia ni bure. Waelezeni watoto kwamba konokono, chaza na pweza wote ni moluska, ila wenye jenasi ya *Conus* wote wana sumu.

Somo hilo litawafaa likizo ijayo, mkiwa Nungwi au Diani. Mtoto hahitaji kukariri kila spishi. Akiliona gamba lenye umbo la koni ya aiskrimu, asiliokote wala asilitie mfukoni, kwani mwenyewe anaweza kuwa hai ndani. Akichomwa, msingoje maumivu, maana mchomo huenda usiume sana. Mkimbizeni hospitali, na njia nzima mwangalieni anavyopumua.