Tanga la Sandarusi

Nilizaliwa Mkwaja, kijiji cha wavuvi katika Wilaya ya Pangani, na somo langu la kwanza la sanaa ya maumbo sikulipata darasani. Mwaka 1982, nguo zilipoadimika madukani nchini kote, marehemu baba yangu alikosa marudufu ya kushonea tanga la ngalawa yake. Alikusanya mifuko ya sandarusi iliyokwisha kazi ya kubebea mbolea, akaifumua, akaifua, akaiunga kwa sindano. Lilipolala mchangani, tanga lile lilikuwa tambara lenye viraka na maandishi. Alipolipandisha kwa foromali na kaskazi ikaliingia, lilituna, likawa kitu chenye umbo na fahari. Ndipo nilipotambua kwamba upepo nao ni fundi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtumishi wa serikali, niliusahau ufundi huo. Mwalimu mmoja aliniletea ombi: wanafunzi wake waokote mifuko ya plastiki ufukoni, waiunganishe na kuijaza hewa, ili wapate sanamu ya kasa mkubwa kuliko darasa lao. Alihitaji utepe wa gundi na feni ya kuazima tu. Nilimjibu kwa maandishi kwamba takataka si utamaduni. Barua ile ilikuwa na Kiswahili fasaha na muhuri, lakini haikuwa na hekima.

Baadaye nilisoma habari za Museo Aero Solar, kazi iliyoanza mwaka 2007 kwa juhudi za msanii Tomás Saraceno wa Argentina na wenzake. Watu wa mahali hukusanya mifuko iliyotumika, huikata pembeni na kuiunganisha kwa utepe hadi ikawa puto kubwa ambalo watu huweza kuingia ndani yake. Hulijaza hewa, kisha jua huipasha hewa hiyo joto. Nayo, kwa kuwa nyepesi, hulinyanyua puto bila moto wala mafuta. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2018, kule Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa. Mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja.

Hata hivyo, ndugu msomaji, hapana budi tuwe waangalifu. Karibu na Mkwaja, katika ufuko wa Madete ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kasa hupanda mchangani kutaga mayai. Baharini, kasa huudhania mfuko unaoelea kuwa konyeza, akaumeza, akafa. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, lakini mawimbi yangali yanaleta plastiki ufukoni. Kwa hiyo sanamu ya namna hii ikimalizika kutazamwa, ikunjwe na kuhifadhiwa. Ikiachwa ikachanwa na upepo, tutakuwa tumemchonga kasa kwa mkono mmoja na kumwua kwa mwingine.

Mwalimu yule amekwisha kustaafu, na barua yangu siwezi kuirudisha. Ninaloweza ni kuwaomba walimu na wanafunzi wasisubiri kibali cha mtu aliyesahau alikotoka. Baba yangu hakujua kwamba anafanya sanaa. Alikuwa na watoto wa kulisha, akatazama kilichotupwa, akakumbuka kwamba upepo upo.