Mshika Kapu

Mwongozaji alijua mchezo ulivyopangwa. Mpiga ngoma alijua ulivyochezwa. Aliyejua ulivyopokelewa ni mshika kapu, na mshika kapu wa kikundi chetu nilikuwa mimi. Nilikaa ubavuni mwa jukwaa, kikapu cha ukindu magotini. Mtazamaji akipanda kumtunza msanii, kazi yangu ni kuokota: noti zilizobandikwa kwenye paji la uso zikadondoka kwa jasho, zilizochomekwa kwenye kibwebwe, sarafu zilizobingirika hadi chini ya spika. Onyesho likiisha nilihesabu mbele ya wote, kwa sauti, maana kati ya wasanii kuhesabu kimoyomoyo ni kutafuta ugomvi.

Ilikuwa Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jumapili alasiri ukitoka Magomeni kwenda Ilala hukosi kusikia ngoma ndani ya ua wa baa. Mapatano yalikuwa mepesi: mwenye baa anauza bia na soda zake, kikundi kinachukua kiingilio. Kibali mnakifuata kwa afisa utamaduni, mnabandika karatasi ukutani, mnampa kijana kipaza sauti apite mtaani. Watoto walikaa chini mbele kabisa, wanawake nyuma yao kwenye viti, wanaume karibu na kaunta. Wanawake ndio waliokuwa wengi. Mwanamke aliyeolewa asingeweza kwenda baa Jumapili bila kusemwa, lakini kwenda kutazama maonyesho, na watoto, na kanga zake mbili, nani angemsema?

Mwongozaji wetu tulimwita Mwalimu, ingawa chaki hakuwahi kuishika. Alikuwa amepitia kikundi cha utamaduni cha kiwanda kimoja cha umma, na kila tulipolalamikia njaa alituhadithia enzi zake. Nyerere alianzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962. Kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma. Vijana wakapelekwa China kusomea sarakasi, ndiyo maana hata sisi hatukuwa na onyesho lisilokuwa na mtu wa kukunjika. Baadaye vikundi vya taifa vikavunjwa, na mwaka 1981 pakafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Huku mjini jeshi lilikuwa na kikundi, JKT ilikuwa na kikundi, kiwanda cha Urafiki kilikuwa na kikundi. Msanii alikuwa mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine, anapokea mshahara, anatibiwa zahanati ya kiwanda. Hali ya mashirika ilipoharibika, ngoma ndizo zilizokuwa za kwanza kuonekana mzigo. Mwalimu alitoka na marimba yake na deni la duka la ushirika.

Vikundi binafsi vilizaliwa katika hali hiyo. Kikubwa kilikuwa Muungano cha Norbert Chenga. Mwaka 1992, vyama vingi vilipokuja, CCM ikaanzisha Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba, na hapo mji ukagawanyika kama kwa Simba na Yanga. TOT walikuwa na Khadija Kopa, Muungano walikuwa na Nasma Khamis, na mashabiki walijua kila neno la taarabu lilikuwa linamlenga nani. Sisi tulikuwa wadogo sana wa kuingia katika vita hivyo. Mwalimu aliuliza kwanza wakubwa wako wapi wiki hiyo. Wakiwa Magomeni, sisi tunakwenda Mbagala.

Ratiba haikubadilika sana. Tulifungua na ngoma, mara nyingi sindimba au lizombe, ili walio nje wasikie na waingie. Ikafuata sarakasi, kisha kichekesho kifupi, kisha taarabu ya kuazima, maana kinanda hakikuwa chetu. Igizo lilikuja mwisho, jua likizama, na hilo ndilo watu walilolisubiri. Igizo letu halikuandikwa. Shuleni tulisoma *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein na tukajifunza kwamba mchezo ni kitabu. Kwa Mwalimu mchezo ulikuwa kisa alichotusimulia Jumanne chini ya mwembe, kwa dakika kumi. Binti anashuka treni kutoka bara, anapokelewa na mjomba asiye mjomba. Mama wa kambo anamnyima mtoto chakula, siku ya siku mtoto anarudi na gari. Tunagawana nafasi, tunakubaliana nani anaingia lini na onyesho linafungwa wapi. Maneno utayatafuta mwenyewe ukiwa mbele za watu. Kuna waliosema hiyo si sanaa, ni porojo. Mimi niliona watu wawili wasiojua kusoma wakishika ukumbi mzima kwa nusu saa bila kurudia neno, na tangu hapo hoja hiyo sikuisikiliza tena.

Kilichonifundisha zaidi ni kisa cha bi mkubwa na bi mdogo. Kama kilivyopangwa, mume analeta mke wa pili, bi mkubwa anafungasha virago na kurudi kwao, mume anafilisika, anamfuata akilia. Tulipokicheza Ilala, bi mkubwa alifunga bunda lake akasimama mlangoni. Mwanamke mmoja wa makamo akanyanyuka kwenye kiti. Alipanda jukwaani taratibu, akambandika noti kipajini, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kaunta:

"Mwanangu, usiondoke. Nyumba umejenga wewe."

Akafuata mwingine. Wakawa safu. Kila mmoja anatunza, kila mmoja ana neno lake: usiondoke, mdai shamba, nenda kwa balozi wa nyumba kumi. Yule mwigizaji, ambaye nyumbani kwake alikuwa na mambo yake, alisimama na bunda kichwani, noti zikimporomoka, mimi nikiokota mbiombio. Nyuma ya pazia Mwalimu anaashiria kwa mikono miwili, toka, toka! Hakutoka. Alitua bunda, akakaa kitako, akamwambia mume, "Leo utaondoka wewe." Ukumbi ulilipuka. Aliyecheza mume hakuwa na la kusema, kwa sababu kisa chake chote kilikuwa upande wa pili wa mlango huo. Ikabidi afungashe yeye.

Tangu siku hiyo tulikicheza hivyo, mpaka tulipokipeleka Temeke ukumbi ukiwa na wanaume wengi. Hapo wakapanda wao, wakamtunza mume, kichekesho kikaanza ndani ya igizo: huku wanawake wanambandika bi mkubwa, huku wanaume wanambandika mume, na bi mdogo amekaa katikati hana hata senti. Nilimhurumia. Tulipohesabu, upande wa wanawake ulikuwa umezidi, na Mwalimu, ambaye kabla ya hapo alikuwa na hotuba ndefu kuhusu utii kwa mwongozaji, alinitazama akasema tu, "Basi, kapu limeamua."

Lakini kapu lilikuwa na dhuluma yake. Watu humtunza anayeonewa. Mwovu hatunzwi, hata akiigiza vizuri namna gani. Kwa kweli kadiri anavyoigiza vizuri ndivyo anavyozidi kukosa. Dada aliyecheza mama wa kambo alikuwa mwigizaji bora kuliko sisi wote, na alirudi nyumbani mikono mitupu. Sokoni Manzese muuza nyanya alikataa kumuuzia.

"Shikamoo, mama. Nipimie sado."

"Hatukuuzii wewe. Kampikie kwanza yule mtoto."

Alitusimulia akicheka, ila wiki iliyofuata alisema hachezi tena mama wa kambo, na hakuna mwingine aliyetaka. Kikundi kisicho na mwovu hakina igizo. Tulikaa kikao mpaka usiku, tukapitisha kwamba tuzo zote ziingie kapuni, nusu ziende kwenye nauli na ukarabati, nusu tugawane sawa kwa sawa, malaika na shetani. Waimbaji wa taarabu walinung'unika, maana wao ndio waliotunzwa zaidi, na mmoja akahama kwa ajili hiyo. Sikumlaumu. Lakini mama wa kambo alirudi jukwaani, na alirudi na ubaya mpya.

Mgao wa umeme wa mwaka 1992, na ule wa 1994, maji yalipopungua bwawa la Mtera, ulitupa neema isiyosemeka. Vikundi vikubwa vilitegemea vyombo: gitaa, kinanda, maspika ya kubebwa na lori. Bila jenereta walikuwa wamekwisha. Sisi tulining'iniza karabai mbili, tukawaambia watu wasogee karibu, tukacheza kwa koo zetu. Kuna usiku Kigogo tulijaza ua mpaka watoto wakakaa juu ya ukuta. Nilikuwa naokota noti kwa kupapasa.

Siku moja walikuja wageni kutoka Chuo Kikuu, Mlimani, wanafunzi na mhadhiri wao, wakakaa kimya na madaftari. Baadaye wakatueleza juu ya kazi waliyofanya walimu wao, kina Penina Mlama na Amandina Lihamba, kijijini Malya, wilaya ya Kwimba, mwaka 1982 na 1983. Walimu hawakwenda na mchezo. Walikaa na wanakijiji, wakaulizana tatizo ni nini, likatajwa la wasichana kupata mimba wakiwa shule, kisha wanakijiji wenyewe wakalitengeneza kwa ngoma na maigizo yao, na baada ya kuonyesha wakajadiliana hadharani. Mwalimu wetu alisikiliza akitikisa kichwa. Walipoondoka akasema, "Haya, kumbe tunachofanya kina jina." Sikukubaliana naye sana. Malya waliketi kujadili baada ya mchezo. Kwetu majadiliano yalipanda jukwaani mchezo ukiendelea, na yalilipiwa.

Katikati ya muongo ule yakaja maigizo ya ukimwi. Sitayasema vibaya yote. Tulikuwa tunazika, hata ndani ya kikundi tulizika, na mtu aliyesimama mbele za watu akataja kondomu bila kuficha alikuwa anafanya kazi ya maana. Lakini jinsi tulivyofanya ilibadilika. Shirika lilikuja na karatasi yenye ujumbe: haya lazima yasemwe, kwa mpangilio huu, ndani ya dakika arobaini. Tulipewa fulana, gari na posho, posho ambayo kapu halikuwahi kuifikia kwa mwezi. Kwenye kijiji kimoja cha mkoa wa Pwani tulicheza mbele ya watu mia kadhaa, wametulia kama wako msibani. Hakuna aliyepanda. Hakuna aliyemwambia mtu usiondoke. Nilikuwa nimekuja na kikapu changu kwa mazoea. Nikakiweka chini ya kiti cha gari. Baada ya onyesho mzee mmoja alinifuata.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmeshalipwa?"

"Tumeshalipwa, babu."

"Nilijua. Mtu aliyeshalipwa humkatizi."

Alisema bila ubaya, akaniaga na kuniombea safari njema. Njiani nilimweleza Mwalimu. Alikaa kimya mpaka tunafika Kibaha, kisha akaniambia anadaiwa ada za watoto watatu, kwa hiyo huyo babu anaweza kuwa na akili sana lakini posho itapokelewa. Ikapokelewa. Tukaanza kukaa tukisubiri simu ya wafadhili badala ya kutafuta ukumbi, na mwembe wa Jumanne ukakosa watu. Mradi ulipokwisha, na miradi huisha, tulirudi Ilala tukakuta watazamaji wetu wameshazoea kukaa nyumbani.

Walikuwa na cha kutazama. ITV ilianza kurusha mwaka 1994, na haikupita miaka mingi maigizo yakaingia humo: Mambo Hayo, Kaole, watu wanajazana sebuleni kwa jirani mwenye runinga. Vijana wetu wenye sura walihamia huko, na walifanya vizuri kuhama. Baadhi niliwaona baadaye kwenye filamu za kaseti. Waliigiza kwa namna ileile tuliyojifunza chini ya mwembe, kisa kinasimuliwa, maneno unayatafuta mwenyewe. Walioshangaa kwa nini katika filamu zetu za mwanzo watu wanaongea muda mrefu hivyo hawakuwahi kukaa kwenye ua wa baa. Ila mbele ya kamera hakuna mama wa makamo wa kupanda na kubadilisha mwisho.

Mara ya mwisho kuonekana pamoja kama kikundi ilikuwa Bagamoyo, kwenye tamasha la chuo, kabla jumba lao kubwa la maonyesho halijateketea kwa moto mwaka 2002. Wageni kutoka Ulaya walitupigia makofi kwa heshima kubwa, wote kwa pamoja, mwishoni. Watoto wa Bagamoyo hawakungoja mwisho.

Kuvunja kikundi nako kulikuwa na kikao. Marimba alichukua Mwalimu, kwa kuwa yalikuwa yake tangu kiwandani. Ngoma tulimuuzia mwenye kundi la kukodishwa kwenye harusi, akatulipa nusu, nusu tunamdai. Mama wa kambo alitaka gauni jekundu la uovu, akapewa, na nasikia amelivaa kwenye sendofu ya bintiye. Majembe tuliyochezea ngoma ya bugobogobo hayakuwa na mwenyewe. Niliyabeba mimi, nikayatia mipini mirefu, na shamba langu la mihogo la Mkuranga nililifungua nayo.