Yai la Bibi

Jumapili moja katikati ya miaka ya 1980, nikiwa na umri wa miaka minane, niliona yai moja likiuzwa mara nne. Lilikuwa yai la kuku wa Bibi, yule tetea mwekundu aliyependa kutagia nyuma ya zizi. Bibi alilifunga kwa jani kavu la mgomba, akalibeba mwenyewe kutoka nyumbani hadi kanisani. Nilipoomba nimsaidie, akakataa.

"Wewe utakimbia," aliniambia. "Sadaka haikimbizwi."

Kwetu ni Machame, upande wa Kilimanjaro ambako wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifungua kituo chao cha kwanza mlimani, mwaka 1893. Kufikia zama za Bibi, Ukristo haukuwa tena mgeni wa kuwekewa kiti sebuleni. Ulikuwa umeshaingia jikoni. Alibatizwa mchanga, akapata kipaimara, akaolewa, akabatizisha watoto wake tisa, yote hayo katika usharika uleule. Alfajiri, kabla ya kuchochea moto, alipiga magoti kando ya mafiga na kutuombea wajukuu mmoja mmoja kwa jina, kuanzia mkubwa. Sisi tulikuwa chumba cha pili, tumejifunika gubigubi, tunasikiliza. Ukisikia jina lako limeshapita, ujue hakuna tena kulala.

Mnada wa sadaka ulifanyika nje, ibada ikishakwisha. Kila mtu alileta alichojaliwa: mikungu ya ndizi, maharage, maziwa kwenye chupa, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee mmoja wa kanisa alipanda kwenye ngazi na kunadi. Siku ile alilinyanyua yai la Bibi kwa vidole viwili, juu kabisa, ili hata waliokuwa wamesimama chini ya miti walione.

"Yai la kienyeji! Shilingi tano, mara ya kwanza!"

Mwalimu mmoja akalinunua kwa kumi, akalirudisha linadiwe tena. Mama mwenye duka naye akalinunua, akalirudisha. Watu wakaanza kucheka na kutupiana maneno, na bei ikazidi kupanda. Mara ya nne likamwangukia dereva wa lori. Alilipa, akamgeukia Bibi. "Mama, mpelekee yule aliyejifungua kule bondeni." Bibi akalipokea kwa mikono miwili, kana kwamba halijawahi kuwa lake.

Jioni tukashuka bondeni. Ndani ya nyumba ile Bibi hakukaa kama mgeni. Alitazama kuni, akaona ni chache, akanituma nikaokote nyingine. Niliporudi nikakuta ameshamwogesha mtoto na kumfunga vizuri kwenye kanga. Akachemsha yai, akalimenya, akamsimamia mzazi mpaka alipolimaliza. Ndipo akaomba, sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akisali. Njiani nikamuuliza mbona leo ameomba kidogo vile.

"Mengine tumeshayafanya," akajibu.

Ilinichukua miaka mingi kuielewa hesabu ya yai lile. Nyumbani kwetu, kama kwa majirani wengi, kahawa ilikuwa ya Babu. Aliipeleka kwenye chama cha msingi, ikaenda KNCU, ule ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa ulioanzishwa mwaka 1933, na malipo yakarudi mfukoni mwake. Ndiyo yaliyoezeka nyumba yetu mabati na kuwasomesha baba zetu. Ndizi, maziwa na mayai vilikuwa vya Bibi. Kwa hiyo pale mnadani Bibi hakutoa hela aliyopewa na mumewe akatoe. Alitoa chake. Na hicho chake kilifanya kazi mara mbili: fedha ikaingia kwenye sanduku la usharika, yai likaingia tumboni mwa mzazi.

Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika. Habari hizo sisi hatukuzisoma gazetini, tuliziona mezani. Nyama ya Jumapili ilipotea. Babu akaacha kununua dawa ya mibuni, kisha akaanza kuing'oa mmoja mmoja, kimyakimya, asubuhi kabla majirani hawajaamka. Ada ya shangazi zangu wawili wa mwisho ilitoka kwenye ndizi ambazo Bibi alizipeleka sokoni Boma Ng'ombe. Hakulisema hilo hata siku moja. Aliendelea kumtengea Babu chakula kwanza na kumwachia yeye aombee meza.

Sadaka nayo ikaanza kubadilika. Zilikuja kwanza bahasha, kila msharika na namba yake na ahadi yake ya mwaka. Kisha zikaja simu. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 wengi tuliiona ni ya kutumiana nauli. Haikupita miaka mingi namba ya kutolea sadaka ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa usharika wetu. Mnada ukabaki kuwa wa sikukuu ya mavuno na siku chache za shukrani.

Wakati huo mimi nilikuwa Dar es Salaam, na nilikuwa nimeshamwonea Bibi huruma bila kumuuliza. Krismasi moja nilipopanda nyumbani, nikamkuta amekaa kibarazani anamenya ndizi. Nikaanza kusikitika mbele yake: siku hizi sadaka haina uso, watu wanabonyeza tu simu, zamani ndiyo ilikuwa ibada. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa kitochi.

"Nisomee hapa. Imefika?"

Ulikuwa ujumbe wa muamala. Fungu la kumi la mauzo ya maziwa lilikuwa limefika kanisani salama. Alikuwa amelituma mwenyewe. Kijana wa uwakala pale njia panda ndiye aliyemfundisha. Nilipomtania anitajie namba yake ya siri alicheka mpaka akashika mbavu, na hakunitajia.

"Wewe unaukumbuka mnada ule wa yai," akasema akiendelea kumenya. "Zamani nikitoa, wote walikuwa wanaona. Na nikikosa cha kutoa, wote walikuwa wanaona pia. Kuna mwaka mdondo ulimaliza kuku wote. Jumapili tatu nilikaa kiti cha nyuma, nikatoka kabla ya mnada. Hilo hulikumbuka, kwa sababu nilikuambia naumwa mguu."

Nilinyamaza. Mguu ule niliukumbuka. Nilikuwa nimemkandia kwa maji ya moto.

"Simu ni nzuri," akaendelea. "Ila yenyewe inapeleka hela tu. Mzazi haogeshwi kwa simu." Akajifuta utomvu wa ndizi kwenye vidole, akainuka. Kulikuwa na mtu anaumwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mayai matatu yalikuwa yameshafungwa tayari juu ya kabati.

Bibi alipofariki tulimzika kihambani, kando ya Babu, tukapanda masale kuzunguka kaburi. Rambirambi zilikuja kwa simu kutoka Mwanza, Nairobi, hata Ujerumani, na kaka yangu alikesha akiziorodhesha kwenye daftari. Waliokuja kwa miguu hawakuandikwa. Walitoka bondeni, kinamama wengi nisiowafahamu, kila mmoja akiwa na kitu mkononi, wakaingia moja kwa moja jikoni.

Jumapili iliyofuata familia ilitoa shukrani, na usharika ukaweka mnada. Mimi nilileta trei ya mayai niliyonunua mjini Moshi, mayai ya kuku wa kisasa, meupe, yanayofanana yote. Kijana mmoja akalipa kwa simu. Mtandao ukasumbua, usharika mzima ukasimama kimya ukisubiri ujumbe uingie, na ulipoingia watu wakapiga makofi. Kisha akanirudishia trei.

"Kaka, mpelekee mgonjwa yeyote. Kwa niaba ya Bibi."

Nikabaki nimeishika. Kwa miaka zaidi ya 20 sikuwahi kukosa kutuma mchango nyumbani, wa paa la kanisa, wa kwaya, wa misiba, na risiti zake zote zimo kwenye simu yangu. Lakini nani alikuwa mgonjwa pale kijijini, au nani amejifungua, sikuwa na jina hata moja.

Binti mmoja wa shule ya Jumapili, wa miaka kama minane hivi, alikuwa akinitazama.

"Mimi najua," akasema. "Kuna bibi amevunjika nyonga kule chini. Twende."

Tukaanza kushuka. Nilikuwa na basi la kuwahi kesho yake na watu wa kuaga jioni hiyo, nikajikuta nakaza mwendo mpaka binti akawa anakimbia nyuma yangu.

"Mjomba, polepole," akaniambia. "Yatavunjika."