Ng'ambo ya Tabora: Wiki Hii Twende Wapi?



Mvua za kwanza zilipoanza, tulimtembelea mama mmoja kijana katika mtaa wetu wa Ng'ambo, hapa Tabora. Mumewe alihamishiwa huku kikazi, naye akamfuata akiwa na mimba ya miezi saba. Siku tuliyofika mtoto alikuwa na wiki tano. Pazia lilikuwa limeshushwa, chai ya asubuhi imepoa mezani na saa saba ya mchana imekwisha pita, na mama mwenyewe kaketi kwenye mkeka akitazama ukuta. Tulipomwuliza mbona hatoki, alijibu kwa sauti ndogo, "Mama zangu, nitoke niende wapi? Hapa hapana pa kwenda."

Tuliona haya. Sisi tunaoitwa wauguzi na watumishi wa kanisa tulikuwa tumepita mlango wake karibu kila siku, tukibisha hodi kwa mdomo tu na kuendelea na shughuli zetu. Basi tuliketi naye, tukaomba karatasi ya daftari, tukamwandikia mambo ya kufanya kwa wiki moja, siku kwa siku. Kando ya kila siku tuliandika jina la mtu atakayempitia nyumbani. Kwa ruhusa yake tunawaletea karatasi ile, maana tunajua milango ya namna hiyo iko mingi.

Jumatatu: Kliniki

Hii tuliiweka ya kwanza. Mtoto alikuwa anakaribia wiki sita, na wiki ya sita ni ya chanjo, kisha ya kumi na ya kumi na nne. Wengi wetu tunakwenda kliniki kwa ajili ya mtoto tu. Anapimwa uzito, anachomwa sindano, tunarudi nyumbani. Lakini siku ya 42 baada ya kujifungua ni siku ya kumwangalia mama pia: damu yake, maziwa yake, usingizi wake na moyo wake. Dada, usipoulizwa, sema mwenyewe.

Tena huu ni msimu wa mbu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Tabora ikiongoza Tanzania Bara kwa malaria ya watoto walio chini ya miaka mitano. Zaidi ya watoto 20 katika kila 100 waliopimwa walikuwa nayo. Chandarua kifungwe jioni hii, si baada ya homa. Mtoto akichemka mwili, apelekwe akapimwe siku hiyo hiyo.

Jumanne: Sokoni

Soko letu katika miezi ya mvua ni zuri kulitembelea hata kwa mwenye fedha kidogo. Maembe yamejaa. Uyoga unaletwa na akina mama kutoka porini. Nunueni kwa wanaoujua tangu utoto, wala msijiokotee wenyewe, kwani uyoga wenye sumu haurudishi mtu. Mgeni ajifunze kutofautisha michembe na matobolwa: vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa, ila michembe hukatwa vibichi ikaanikwa, na matobolwa huchemshwa kwanza. Kunde nazo hukaushwa majani zikawa nsansa. Ipikeni kwa karanga, mtaona sahani zinarudi tupu.

Halafu kuna asali, fahari ya Tabora, inayotoka kwenye mizinga ya misitu yetu ya miombo. Hapa tunasema kama wauguzi: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali, hata tone, hata kama bibi amesisitiza. Asali yaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini la mtoto mchanga haliwezi. Mwambieni bibi kwa heshima kwamba asali hiyo ni ya mama anayenyonyesha.

Jumatano: Kipindi cha wanawake

Jioni tulimchukua kwenye maombi ya akina mama. Hatukumtaka ashuhudie wala aimbe. Mama mmoja alimpokea mtoto, mwingine akamletea uji, akaketi nyuma. Tulipokuwa tukirudi njiani ndipo alipotueleza. Kwa wiki tatu hakuwa amelala, hata mtoto alipolala. Chakula hakikupita. Na mara mbili alikuwa amewaza kwamba mtoto angelelewa vizuri zaidi kama yeye asingekuwepo.

Wapenzi, someni hapo mara mbili. Kulia na kuchoka siku chache baada ya kujifungua ni kawaida. Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, usingizi ukakimbia, mama akaona hana thamani au akawaza kujidhuru, huo ni ugonjwa na una tiba. Si uvivu, si kukosa imani, wala si kutompenda mwanawe. Mama wa namna hiyo asiachwe peke yake, na asiambiwe aombe tu. Tuombe pamoja naye, huku tukimpeleka hospitali.

Alhamisi na Ijumaa

Kwenye karatasi Alhamisi ilikuwa siku ya kujifunza kupika nsansa. Tuliifuta, tukaenda hospitali tukiwa na mumewe. Mwanamume yule hakuwa mbaya. Alidhani mkewe anamkumbuka mama yake tu. Alipomsikiliza daktari alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza afanye nini. Tangu siku hiyo ndiye anayembeba mtoto alfajiri ili mama apate kulala.

Ijumaa alikaa kwa jirani, bibi wa Kimanyema aliyezaa wanane. Bibi huyo ni Mwislamu, nasi ni Wakristo. Ng'ambo tumezoea kuzikana na kulishana hivyo. Bibi alimkanda mgongo, akamwogesha mtoto, wala hakumwuliza swali lolote.

Jumamosi: Kwihara

Hapa ndipo tunapowapeleka wageni wote. Kwihara iko kama kilomita 6 kutoka mjini, na bajaji inafika, ila mvua ikinyesha njia ina tope. Hapo pana tembe, nyumba pana ya udongo yenye paa la bapa, iliyojengwa upya mahali alipokaa Dk. Livingstone. Sasa ni makumbusho yenye ramani na nakala za barua.

Livingstone na Stanley walifika hapo Februari 1872 wakitoka Ujiji. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, akiahidi kumtumia wapagazi. Mzee akabaki kungoja zaidi ya miezi mitano, hadi alipoondoka tarehe 25 Agosti. Hakurudi tena akiwa hai. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakaubeba mwili wake wakipita nao hapa Unyanyembe hadi pwani. Katika safari ile ya mwisho mpishi wake alikuwa mwanamke, jina lake Halima.

Tuwaeleze watoto wetu na upande mwingine: njia hii ilipitisha pembe za ndovu na watumwa. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi kwa miezi mingi. Wake zao wengine walifuatana nao, na vyungu kichwani na watoto mgongoni.

Mgeni wetu alisimama kwenye ukumbi wa tembe, mtoto amelala begani. Akasema, "Kumbe hata yeye alikaa hapa akingoja watu." Tukamjibu kwamba ndiyo, na watu walifika.

Jumapili

Ibada, kisha chakula cha mchana nyumbani kwa mmoja wetu. Wali, maharage na embe. Hakuna zaidi, na ilitosha.

Hatusemi amepona. Bado anahudhuria hospitali na kumeza dawa, na ziko siku ambazo pazia halipandi. Siku hizo mtu mmoja kati yetu anaingia na kukaa naye.

Mariamu alipopata habari ya Elisabeti hakutuma salamu. Aliondoka kwa haraka, akavuka milima, akakaa naye kama miezi mitatu. Wiki hii, mama mpendwa, chukua karatasi. Andika siku saba za mtaa wako: kliniki, soko, maombi, mahali pa kutembea. Kisha fikiri ni mlango upi umefungwa siku nyingi, ukabishe hodi, na ungoje mpaka ufunguliwe.