Mahali pa Kulala Mwanza

Mtu atokaye Bukoba akifika Mwanza, kitu cha kwanza akionacho ni mawe. Yako vilimani, yako mitaani, na hata ndani ya ziwa, ambamo lile liitwalo Jiwe la Bismarck limesimama juu ya mengine kana kwamba limepangwa kwa mkono. Wajerumani waliweka boma lao hapa mwaka 1892. Reli ikafika kutoka Tabora mwaka 1928, na bandari ikawa mlango wa pamba, samaki na watu. Basi mgeni hupenda kulala karibu na bandari, ili ayaone mambo hayo kwa miguu yake. Ndivyo nilivyotaka mimi pia likizo ya Juni mwaka 2022, baba aliponituma kumpeleka Bibi Hospitali ya Bugando kutibiwa mtoto wa jicho.

Hatukwenda kwa meli, ingawa MV Victoria ilikuwa imekwisha kutengenezwa na kurudi safarini, na mtu aliweza kulala Bukoba akaamka Mwanza. Bibi hapandi meli. Mdogo wake alikuwamo katika MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 pamoja na mamia ya watu. Kwa hiyo tulipanda basi tukapita Biharamulo na Geita, hata tukafika Busisi. Siku zile daraja lilikuwa bado linajengwa, na magari yalivushwa kwa kivuko. Bibi alijifunika khanga usoni tokea Busisi hata Kigongo, wala hakunijibu neno.

Baba alikuwa ametupa shilingi 150,000 za malazi na chakula kwa siku sita. Gesti ya karibu na bandari ilitaka 15,000 kwa usiku mmoja. Ilikuwa mahali tambarare, soko halikuwa mbali, na jioni ningeweza kutazama meli zikipakia. Nyumba ya wageni ya kanisa ilikuwa na bei nafuu na kimya kingi, lakini lango lilifungwa mapema sana. Tena alikuwako Shangazi, binti wa nduguye marehemu Babu, aliyekaa Bugarika karibu na hospitali. Kwake hapakuwa na malipo. Lakini nyumba za kule zimejengwa juu ya mawe: gari hukomea chini, na kutoka hapo ni kupanda. Na katika vyumba vyake viwili walikuwa wakilala watu saba.

Hayo yote niliyaandika katika daftari, bei upande mmoja na umbali upande wa pili, nikamsomea Bibi ndani ya basi. Akanisikiliza hata mwisho.

"Na Igoma?" akauliza.

"Igoma ni mbali na hospitali, Bibi. Iko njia ya Musoma."

"Yuko mdogo wangu."

Igoma ndiko walikozikwa wengi wa wale waliotolewa majini. Mwaka ule wa 1996 Bibi alikuja Mwanza kumtafuta nduguye. Alilala juu ya majamvi siku saba pamoja na wafiwa wengine, asimpate, akaambiwa huenda yumo kati ya wale waliozikwa bila kutambuliwa. Tangu siku hiyo hakurudi.

Tulikubaliana hivi: kwanza kwa Shangazi hata matibabu yaishe, na usiku wa mwisho Igoma. Vijana wa Bugarika, waliozoea kupandisha saruji na vitanda, walimkalisha Bibi juu ya kiti wakampandisha mlimani huku wakimtania kuwa ni bibi harusi. Wakakataa malipo. Mimi nililala sebuleni na watoto wanne, na kwa kweli chakula cha Shangazi hakina mfano wake katika hoteli yo yote.

Bibi alipasuliwa jicho la kulia. Bandeji ilipofunguliwa alikaa juu ya jiwe nje ya nyumba akatazama ziwa kwa muda mrefu. Akasema ni dogo kuliko alivyokumbuka.

Taabu ilikuwa kumwaga Shangazi. Alilia. "Mtakwenda kulipia kitanda nami nipo? Watu watasema nimewafukuza!" Bibi hakubishana naye. Alitoa kahawa ya kutafuna aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akamwekea yote mkononi, wakakaa wakaitafuna pamoja. Mpaka leo sijui kama Shangazi aliridhika, ila alitusindikiza hadi kituo cha daladala.

Gesti ya Igoma ilipakana na baa, na muziki haukunyamaza hata usiku wa manane. Alfajiri tukaenda makaburini. Bibi hakuuliza ni kaburi lipi. Aliketi chini kando ya mojawapo, akaanza kumpa nduguye habari za nyumbani: ni nani aliyeoa, ni nani aliyekufa, migomba iliyougua mnyauko, bei ya kahawa. Nilisimama mbali kidogo. Alizungumza mpaka jua likawa kali, nami nikaogopa kwa ajili ya jicho lake, nikamshikia mwavuli.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwezi wa Juni 2025. Jicho la kushoto la Bibi bado linangoja zamu yake, naye amekwisha kusema atalala wapi usiku wa kwanza. Kahawa ya Shangazi tayari imeanikwa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne