Piave na Pieve

Msomaji, huenda hujapata kuusikia Mto Piave. Huanza katika milima ya Alpi, kaskazini mashariki ya Italia, ukashuka yapata kilomita 220 hata ukaingia Bahari ya Adriatiki. Si mto mkubwa. Lakini mwezi wa Novemba 1917 jeshi la Italia, lililokuwa likikimbia baada ya kushindwa Caporetto, lilisimama ukingoni mwake. Mwezi wa Juni 1918 adui aliuvuka, akarudishwa. Kwa ajili ya vita hiyo barabara nyingi mijini mwa Italia huitwa Piave. Hata jinsia ya mto iligeuka: wenyeji walizoea kuutaja kwa jina la kike, na baada ya vita ukawa wa kiume!

Miji ya ukingoni ina sababu nyingine. Italia ina Noventa Padovana, Noventa Vicentina, na Noventa di Piave; jina la pili huitenga, kama vile mwalimu atengavyo akina Wanjiru watatu wa darasa moja kwa majina ya baba zao. Ponte di Piave ni Daraja la Piave, basi.

Sasa nikuungamie kosa langu. Naliwapa wanafunzi ramani, wataje miji iliyopata jina kwa mto huo. Katika majibu yangu nalitia Pieve di Cadore, mji alikozaliwa mchoraji Tiziano, kwa kuwa uko juu ya bonde la Piave. Msichana mmoja hakuuandika, nikamtilia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Akasimama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, padri wetu Mwitalia alituambia kwamba pieve ni kanisa la parokia." Nikamwambia aketi. Darasa zima likacheka.

Jioni nikafungua kamusi. Pieve latokana na neno la Kilatini plebs, yaani watu, kisha waumini wa kanisa moja; wala halina udugu na mto upitao chini yake. Herufi moja na ujirani vilinidanganya. Usiku ule nilikosa usingizi, si kwa ajili ya Pieve, bali kwa kile kicheko.

Asubuhi nikaandika majina yote mawili ubaoni, nikakiri kosa, nikampa msichana chaki awaeleze wenzake. Alieleza vizuri kuliko mimi. Alipokwisha akaufuta ubao, akarudi mahali pake bila kunitazama.